Sijambo, Ila

Kwanza ulikuwa mvumo.

Nilikuwa nimefumba macho, kama ninavyofanya siku zote ninaposikiliza, kwa sababu macho hudanganywa upesi kuliko masikio. Mvumo ulitoka chini sana, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Haukupanda, haukushuka, haukukatika hata pale pumzi ilipokatika. Nikaisogeza stetoskopu kidogo juu ya mfupa wa mtulinga, upande wa kulia wa shingo. Ukazidi. Nikadhani ni feni za handaki, zile zinazosukuma hewa kilomita kumi na tisa kutoka nje mpaka kwetu. Basi nikaukandamiza mshipa wa shingo kwa kidole gumba.

Mvumo ukanyamaza.

Nikaachia. Ukarudi.

Feni hainyamazi kwa kubanwa shingo ya mtu.

"Malenga, umelala au unatunga?" sauti ya kike ikaniuliza. "Nina shifti mimi."

Nikafumbua macho. Juu ya kiti cha bati alikaa Subilaga Mwakibete, dereva wa Fuko, ile mashine ndefu kama treni ambayo kwa miaka minne imekuwa ikiutafuna mlima wa Uporoto kutoka upande wa kaskazini. Wenzetu wa kusini wanautafuna kuja kwetu. Asubuhi ile zilikuwa zimebaki mita kumi na moja tukutane nao. Subilaga alivaa ovaroli mpya, amepaka wanja, na kofia yake ngumu alikuwa ameisugua mpaka ikang'aa. Ana miaka thelathini na minane, kumi na mitatu zaidi yangu, na tangu nifike handakini hajaniita kwa jina langu, Zuberi Semboja. Siku ya kwanza alinikuta nikihesabu silabi kwa vidole, akaniita Malenga, na kontena zima la zahanati likacheka. Walinipa jina hilo kwa kejeli. Mimi nikalivaa kama kilemba.

"Hiyo chupa ya maji ni ya ngapi tangu asubuhi?" nikamwuliza.

"Ya tatu. Kwani maji nayo yana kibali siku hizi?"

"Na huo mkono mbona unalisugua bega?"

"Bega limelala vibaya." Akaushusha mkono wake wa kulia kutoka bega la kushoto. "Juzi nondo ilinigonga hapa ubavuni, kidogo tu. Nikakaa chini, nikanyanyuka. Malenga, zimebaki mita kumi na moja. Nitie muhuri nikazimalize."

Anayetia muhuri si mimi. Ukutani, nyuma yangu, kuna kioo cheusi ambacho sote tunakiita Mpimaji. Kiliwaka chenyewe, na ile sauti yake laini, ya mwanamke asiyezeeka, ikasema: "Hujambo, Subilaga Mwakibete?"

"Sijambo," akajibu.

Taa ya kijani. Mapigo sabini na mawili kwa dakika. Msukumo wa damu mzuri. Kiwango cha damu kumi na mbili nukta nane. Joto la viganja, safi. Lango la chuma likafunguka upande wa pili wa kontena, Subilaga akachukua kofia yake, akanikonyeza na kutoka.

Sikumzuia. Nilibaki na stetoskopu mkononi, nikijua kwamba mvumo ule nimeshausikia mara moja kabla ya siku ile. Ulikuwa shingoni mwa Kandege. Na siku ya Kandege nilisema ni feni.

*

Handakini hakuna asiye na kifidio. Ni kidude kidogo kama punje ya kunde, hupandikizwa chini ya mtulinga, na hakuna anayekikumbuka baada ya wiki ya kwanza. Kilibuniwa kwa ajili ya wazazi wa vijiji vya mbali, waliokuwa wakivuja damu baada ya kujifungua na kufia njiani kabla ya kuiona hospitali. Aliyekibuni hakuumba kitu kipya. Aliuchukua ujanja ambao mwili unao tangu zamani, akaunyoosha.

Ujanja wenyewe ni huu. Damu ikimpotea mtu ghafla, moyo hukaza mwendo. Mishipa ya ngozi, ya utumbo na ya figo hujibana, na kidogo kilichobaki huelekezwa kwenye moyo na ubongo. Figo huacha kutoa maji. Kiu huja. Maji yaliyomo katika nyama ya mwili huvutwa kuingia mishipani, yajaze pale damu ilipotoka. Mwili huweza kuishi hivyo kwa muda, lakini huishi kwa kelele: mikono hupoa, jasho jembamba hutoka, midomo hupauka, moyo hupapatika mpaka jirani auone kwenye shingo. Hizo kelele ndizo zinazomwita daktari.

Kifidio hufanya yale yale, kwa nguvu zaidi, kwa siku nyingi zaidi, kimya kimya. Hakiukimbizi moyo, kinaukamua. Na kilipoletwa handakini, watu ambao sijawahi kuwaona nyuso wakakiongezea jambo moja: mikono iachiwe joto lake. Kwa sababu mkono baridi haushiki usukani.

Kandege alikuwa fundi reli. Miezi saba nyuma alikuja kwangu kukaguliwa kifidio, kazi ya sekunde sitini: nakizima kwa ufunguo wangu, nahesabu, nakiwasha. Mpimaji alikuwa amemwuliza hujambo, akajibu sijambo, kijani. Nilipomsikiliza shingo nikausikia mvumo, nikazilaumu feni. Alikuwa akinisimulia habari za mbuzi wake aliyekula shati la mchungaji. Nikazima. Kandege akanyamaza katikati ya neno. Hakuanguka. Aliendelea kukaa na tabasamu la mbuzi wake, na rangi ikamtoka usoni kuanzia juu kuja chini, kama pazia linavyoshushwa. Nilikiwasha kifidio mara tatu. Hakukuwa na kitu cha kukamua.

Waliompasua walikuta kidonda cha tumbo kilichovuja siku nne. Mmoja wao aliniambia, akinawa mikono, kwamba kwa hesabu yake yule bwana alikwisha kufa tangu jana yake, ila mwili haukuwa umeambiwa.

*

Nilimpigia simu Daktari Mchomvu, ambaye hukaa hospitali ndogo nje ya handaki, mwendo wa dakika arobaini kwa kiberenge, kile kigari cha reli.

"Kijani," akasema, baada ya kutazama kwake. "Kumi na mbili nukta nane. Wewe una nini?"

"Nina mvumo."

"Semboja, kijana wangu."

"Na moyo wake una mizani kamili."

"Sasa unanisomea shairi."

Nilijizuia nisipige ukelele. Mimi sitazami saa ninapohesabu mapigo. Nina mstari wangu, nilioutunga mwenyewe bila mwalimu, silabi nane kwa nane: Gonga moyo nisikie, usinifiche jambolo. Kila silabi, pigo. Moyo wa mtu mzima haukai sawasawa juu ya mstari huo, kwa sababu mtu anapovuta pumzi moyo huwahi kidogo, anapoitoa huchelewa, na katika kuwahi na kuchelewa huko ndiko unakosikia kwamba kuna mwenyewe ndani. Moyo wa Subilaga ulikaa juu ya silabi zangu zote kumi na sita bila kukosea hata moja. Nimesoma mashairi ya namna hiyo. Yamehesabiwa vizuri, na hayana mtu ndani.

"Daktari," nikasema, "hiyo kumi na mbili nukta nane ni ya uongo. Chai ya maziwa ukimwaga nusu kikombe, iliyobaki hugeuka rangi? Haigeuki. Ni mpaka uongeze maji. Amepigwa ubavu wa kushoto juzi, bega la kushoto linamwuma, hashibi maji. Bandama imepasuka, inavuja tumboni, na yale maji ndiyo kwanza yanaingia kwenye chai."

Ni daktari mzuri, nisimsingizie. "Inawezekana," akasema. "Lakini reli imefungwa kwa ajili ya kiberenge cha wageni wa sherehe. Haifunguki bila taa nyekundu. Hata mimi siwezi kuifungua. Nipe nyekundu nimwandalie meza ya upasuaji."

"Nyekundu nitaipata wapi na kifidio kinamjibia?"

"Unajua utaipata wapi," akasema, kwa sauti ya chini.

Nilijua. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, umefungwa kwa uzi mweusi. Nikikizima kifidio, mwili wa Subilaga utapiga kelele zake zote kwa pamoja, Mpimaji atazisikia, reli itafunguka. Au utafanya kama wa Kandege. Nisipokizima, ataingia ndani ya Fuko, atatafuna mita kumi na moja akiwa na mikono ya moto na wanja machoni, na mahali fulani kati ya mita ya kwanza na ya mwisho atanyamaza katikati ya neno.

*

Kutoka kontena langu hadi Fuko ni hatua mia mbili. Nilizipiga nikiona mambo ambayo siku zote nilikuwa nayapita. Kwamba njia za pembeni zilikuwa zimezimwa taa na feni, ili hewa yote ielekezwe mbele, kwenye mashine. Kwamba watu wa huko pembeni walikaa kizani kwenye mabenchi yao, wametulia, wakiniitikia salamu mmoja baada ya mwingine, sijambo, sijambo, sijambo, kwa sauti ile ile, wala sikuziona nyuso zao.

Nyapara Ndimbo alikuwa mlangoni mwa Fuko, mzee mfupi kutoka Mbinga, sauti kubwa kuliko kifua.

"Malenga! Umekuja kutusomea utenzi wa ufunguzi?"

"Mzee Ndimbo, namtaka dereva wako kwa dakika tano."

"Dakika tano za nani? Wageni wako njiani, wa kusini wanatutukana kwenye redio tangu alfajiri, wanasema sisi tunachimba kwa vijiko."

"Mzee wangu," nikasema, "unamkumbuka Kandege?"

Akanitazama. Akakitazama kitu kilichokuwa shingoni mwangu. Akasogea.

Subilaga alikuwa kwenye kiti cha usukani, chupa ya nne imeshaisha nusu. Nilipanda, nikakaa kwenye ngazi chini ya miguu yake, kwa sababu jambo lenyewe halisemwi kwa kusimama.

"Dada Subi, haja ndogo ulienda lini mara ya mwisho?"

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama yangu! Hilo nalo liko kwenye kazi yako?"

"Lini?"

Kicheko kikapungua. Nilimwona akitafuta. "Jana," akasema. Halafu: "Jana asubuhi." Halafu akaitazama chupa.

Nikamweleza yote. Sikumficha Kandege. Kwa miezi saba nilikuwa nimemficha kila mtu kwamba niliusikia mvumo kabla ya kuzima. Mpaka leo sijui kwa nini ilikuwa rahisi kulisema hilo mbele ya usukani wa mashine.

"Ukizima nitakufa?" akauliza.

"Inawezekana."

"Usipozima?"

"Utakufa humu."

"Baada ya mita ngapi?"

"Dada!"

"Nakuuliza, Malenga. Miaka minne. Nimemzika mama nikiwa humu, nimemwona maiti kwenye kioo cha simu. Mtoto wangu ananijua kwa sauti. Mita kumi na moja ni saa mbili. Nipe saa mbili kisha nizime kama taa, sitakulaumu." Akaweka viganja vyake juu ya usukani. "Mimi sijambo. Mikono hii hapa, ishike. Ya moto."

Nikaishika. Ilikuwa ya moto kweli, mikavu, mizuri. Nililijua lile joto. Halikuwa lake. Alikuwa ameachiwa na kifidio.

Kuzima bila ridhaa yake ningeweza. Sheria inaniruhusu, Kandege sikumwuliza. Damu ilinichemka, nikataka kumfokea kwamba mlima huu haumjui, kwamba wageni watakata utepe juu ya maiti yake na kula keki. Nikaona kwamba nikifoka atakaza meno. Basi nikafanya jambo ambalo Mpimaji hajui kulifanya. Alifundishwa na watu wenye haraka: hulipokea neno la kwanza, huupima mtikisiko wake, huliamini kuliko namba zote, hufunga sikio. Kwetu neno la kwanza ni adabu tu. Hata anayeungua moto huanza na sijambo.

"Hujambo, dada Subi?"

"Nimeshakwambia."

"Hujambo?"

Akashusha pumzi. "Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Mtoto?"

"Mzima. Amepoteza meno mawili."

"Za kazi?"

"Njema, si unaona."

"Za mwili?"

"Nje..." Mdomo wake ukabaki wazi. Nilisubiri. Fuko ilikuwa ikinguruma chini yetu, na nilisubiri. "Njema," akasema, "ila..."

"Ila?"

"Ila kuna mtu ananiita."

Nikasogea karibu na kiti chake.

"Tangu jana mchana. Humu sikioni, la kulia. Anasema Su-bi-la-ga. Su-bi-la-ga. Hapumziki. Nikilala ubavu huu anakaribia." Alisema bila kunitazama. "Ni sauti ya mama. Na mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nikiitwa na nisiyemwona nisiitike, kwa sababu ukiitika umemfuata. Kwa hiyo sijaitika. Wala sijamwambia mtu, maana kusimulia nako ni kuitika." Akayafuta macho, wanja ukatapakaa. "Usinicheke, Malenga."

"Sikucheki. Hesabu naye. Anakuita mara ngapi?"

Akafumba macho. Nikaweka vidole juu ya mshipa wa mkono wake. Midomo yake ikatikisika: Su-bi-la-ga. Chini ya vidole vyangu: gonga, gonga, gonga, gonga. Silabi nne, mapigo manne.

Akafumbua macho taratibu. Alikuwa ameelewa kabla sijasema.

"Ni damu yako mwenyewe, dada. Iliyobaki. Inakimbizwa mshipani karibu na sikio, na kwa kuwa ni kidogo ndiyo maana inavuma. Kila mtu humu amenyamazishiwa mwili wake. Wako umepata kitundu kimoja cha kuitia."

Machozi yalimtoka bila kilio. Akauachia usukani, kidole kimoja baada ya kingine. Halafu akainamisha kichwa upande wa kulia, kama mtoto aliyeitwa kutoka jikoni, na akasema kwa sauti ndogo kabisa:

"Abee."

*

Zamani kila kituo kilikuwa na jokofu la damu. Kilipoletwa kifidio wakaona halina kazi. Jokofu lenyewe bado lipo kontenani kwangu, limejaa soda. Lakini kabatini ilikuwa imebaki mifuko mitatu ya kutolea damu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuja kuichukua, na mimi ni kundi la O hasi, damu inayopokelewa na mwili wa yeyote. Nina majivuno, sifichi. Siku ile niliona kwamba kitu pekee nilichozaliwa nacho cha kujivunia sikukitunga.

Nilimlaza Subilaga kwenye kitanda. Nilijichoma mwenyewe, mfuko wa kwanza ukajaa kwa dakika nane. Nikajaza wa pili.

"Wa pili si mwingi mno?" nyapara Ndimbo akauliza. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

"Sijambo," nikamjibu, na kweli sikusikia chochote. Hakuna kizunguzungu, hakuna kiu. Mikono yangu ilikuwa ya moto. Hilo lilinitisha kuliko kama ningeanguka.

Nilimtundikia Subilaga mfuko wa kwanza, Ndimbo akaushika juu kama taa, na tone la kwanza lilipoingia mkononi mwake nikautoa ufunguo shingoni.

"Dada Subi. Sekunde sitini. Nitahesabu kwa mstari wangu."

"Ule mbaya?"

"Ule mzuri."

"Haya. Nizime."

Nikazima.

Kwa silabi tatu hakukuwa na kitu. Halafu mwili wake ukasema yote kwa mara moja. Joto lilitoka mikononi mwake nikiwa nimeishika, lilikimbia kama maji yanavyotoka kwenye beseni, likaacha vidole vya udongo. Jasho likamtoka usoni punje punje. Midomo ikawa rangi ya majivu. Moyo ukaruka kutoka kwenye mstari wangu, ukaenda mia na ishirini, mia na hamsini, ukijikwaa, ukiwahi na kuchelewa, moyo wa mtu aliyekuwa amefungiwa chumbani na sasa mlango umefunguliwa. Sijawahi kusikia kitu cha kutisha kama kile, na sijawahi kusikia kitu kilicho hai kama kile.

Kioo kikawaka. Sauti laini ikauliza:

"Hujambo, Subilaga Mwakibete?"

Nilikuwa nimefikiria yote isipokuwa hilo. Macho ya Subilaga yalikuwa yamegeuka, hakujua yuko wapi, lakini ameulizwa hali, na mama yake alimlea vizuri. Niliiona midomo ile ya majivu ikijikusanya.

"Si..." akaanza.

Nikamziba mdomo kwa kiganja changu.

"Malenga, unafanya nini!" Ndimbo akapiga kelele.

Sikumtoa mkono. Nilihisi neno zima likigonga kiganjani, sijambo, pumzi ndogo baridi, mara mbili. Sauti ya ukutani ikauliza tena, kwa upole ule ule. Ikasubiri. Kwa kuwa hakuna neno lililokuja, ikalazimika kwa mara ya kwanza kuamua kwa mwili wa mtu peke yake: mapigo, ngozi, pumzi.

Nyekundu.

Kontena zima liligeuka rangi, na mbali kwenye giza nikasikia vizuizi vya reli vikifunguka, kimoja baada ya kingine, kilomita kumi na tisa. Sekunde ilikuwa ya arobaini na moja. Nikawasha.

*

Ndani ya kiberenge sikumbuki maneno mengi. Nilimtundikia mfuko wa pili njiani. Moyo wake ulirudi katika mizani yake ya uongo, na safari hii nilishukuru, kwa sababu kitu kile kilibuniwa kwa ajili ya hili hasa: kumfikisha mtu. Sikuwahi kugombana na aliyekibuni. Tulipita mabenchi ya pembeni. Nilisimama mlangoni, na kwa kila benchi nikapaza sauti: "Anayesikia mtu akimwita sikioni, aseme!" Wengine walicheka. Katika benchi la kilomita kumi na mbili hakucheka mtu, na mmoja akanyoosha mkono taratibu.

Kabla ya kutoka nje kuna lango la mwisho, na Mpimaji wake. Akaniuliza mimi hujambo. Midomo yangu ikajibu kabla sijaiambia.

"Sijambo."

Kijani. Nilibaki nimekodoa macho, mtu aliyetoka kuacha karibu lita nzima ya damu kwenye mkono wa mwingine.

Ilikuwa saa sita mchana. Jua la Uporoto lilitupiga usoni, na chini yake Daktari Mchomvu alisimama na machela, mikono imeshavaa glavu. Alimchoma Subilaga kidole, akanionyesha namba bila kusema. Sita nukta moja, na mifuko yangu miwili ikiwemo. Maji yalikuwa yameingia kwenye chai.

"Mchukueni," akasema. "Mbio."

Subilaga alinishika ukosi. Vidole vyake bado vilikuwa na lile joto la kuazima.

"Fuko anaendesha nani?"

"Hakuna. Nyapara Ndimbo ameondoka na ufunguo wa mashine. Amewaambia wageni kwa redio mlima umeharibika."

Akatabasamu, meno yakaonekana. Machela ikaanza kwenda, nami nikaenda nayo, na ndipo nilipoisikia. Sikio la kulia, chini sana, kama mtu anayesema na mto wa kulalia. Se-mbo-ja. Se-mbo-ja.

Nadhani nilisita hatua moja. Yeye aliona.

"Nawe unaitwa," akasema.

"Naam," nikasema, na sikuwa namjibu yeye.

Daktari aligeuka akanitazama, akaniamuru nikae chini hapo hapo, akamwita mtu alete dripu. Sikukaa. Nilienda mpaka mlango wa upasuaji, uliokuwa umeshikiliwa wazi, na Subilaga alikuwa bado hajaniachia ukosi. Alikuwa akitaka kitu, na hakuwa na pumzi ya kukiomba.

"Dada Subi," nikasema kwa sauti, wote waliokuwapo wasikie, "ukitoka humo nitakuuliza hujambo. Na kila siku nitakayokuwa handakini, kila nitakayemwuliza hujambo, nitabaki nimesimama pale pale, hata mlima ungoje, mpaka aniambie na ila yake. Nakuahidi."